Lugha za Kompyuta na Vyombo Vilivyozibeba

Mwishoni mwa mwaka 1953, mfanyakazi kijana wa kampuni ya IBM mjini New York, John Backus, alimwandikia mkuu wake Cuthbert Hurd barua fupi ya maombi. Alitaka kuruhusiwa kutengeneza programu ya kutafsiri hesabu. Mwanasayansi angeandika fomula yake karibu vilevile anavyoiandika daftarini, na kompyuta yenyewe ingeigeuza kuwa amri za mashine. Hurd akakubali.

Backus hakuwa mtu wa kutabiriwa makuu. Chuo Kikuu cha Virginia kilimtimua kwa utoro, masomo ya udaktari aliyaacha njiani, na hisabati aliimalizia Columbia baada ya kutoka jeshini. IBM alifika akiwa mtazamaji tu: aliingia kuangalia kompyuta kubwa iliyokuwa imewekwa makao makuu ili wapita njia waione, akamdokezea mwenyeji wake kuwa anatafuta kazi, akafanyiwa usaili siku hiyohiyo. Mwenyewe alikiri baadaye kuwa aliyatafuta mambo haya kwa sababu ya uvivu, maana kuandika programu kwa amri moja moja kulimchosha.

Barua yake, hata hivyo, ilisimama juu ya hoja ya fedha. Katika vituo vya kompyuta vya wakati ule, mishahara ya waandishi wa programu ililingana na gharama ya mashine yenyewe au hata kuizidi, na kati ya robo na nusu ya muda wa mashine ilipotea katika kusaka makosa. Ukijumlisha vyote, hadi robo tatu ya gharama za kuendesha kompyuta ilikwenda kwenye kuandika programu na kuzisahihisha. Mwenye mashine aliyeyajua hayo hakuhitaji kushawishiwa sana.

Kwa nini lugha moja ya kompyuta ienee dunia nzima na nyingine ibaki kwenye makabati ya maprofesa? Wataalamu hulijadili swali hili kana kwamba ni mashindano ya urembo: ipi ina sarufi safi, ipi ina mantiki isiyo na doa, ipi humlinda mwandishi asikosee. Mimi nimekuwa nikiisoma historia hii kwa miaka mingi, na kila ninapoifuata hadi chini nakuta jambo lingine. Lugha iliyoenea ilipata chombo cha kuibeba, iwe mashine iliyokuwa inanunuliwa, mfumo uliokuwa unagawiwa au programu iliyokuwa tayari mezani kwa kila mtu. Ilipofika, iliwakuta watu wenye kazi inayowasubiri. Kiswahili nacho kilifika Tabora, Ujiji na Kongo kwa misafara ya biashara, na waliokipokea kule walikipokea kwa sababu walikuwa na jambo la kuelewana na wageni, bila kwanza kupima ngeli zake. Uzuri una nafasi yake, lakini huonekana baada ya safari kuanza.

FORTRAN, lugha iliyotokana na barua ile ya Backus, ndiyo ushahidi wa kwanza. Jina lenyewe lilifupisha maneno ya kutafsiri fomula, na chombo chake kilikuwa kompyuta ya IBM 704. Mashine hii ndiyo iliyompa Backus nafasi, na ndiyo iliyomtia mashakani pia. Kabla yake, hesabu za namba zenye nukta zilifanywa kwa programu ndogondogo zilizokwenda polepole mno, na katika ule ugoigoi uzembe wowote wa programu ya kutafsiri ulijificha. 704 ilikuja na vyuma vinavyofanya hesabu hizo moja kwa moja. Maficho yakaisha. Kama kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine, ingetoa kazi hafifu, kila mtu angeiona siku ya kwanza na kurudi kwenye kuandika kwa mkono.

Na wakongwe walikuwa na hakika kwamba itatoa kazi hafifu. Waandishi wa programu wa miaka ile walijihesabu kama mafundi wa siri, na wazo kwamba mashine inaweza kuandika amri nzuri kama zao lilikuwa kama tusi. Backus alilielewa hilo kuliko wenzake wengi. Kwa hiyo hakutumia muda mrefu kuibuni lugha yenyewe. Yeye na kikosi chake waliitunga kadiri walivyokwenda. Nguvu zao walizimalizia kwenye kompaila, ili amri zake ziende kasi sawa na za fundi stadi.

Kikosi kilikuwa cha watu wachache, na karibu wote walikuwa vijana. David Sayre alitoka kwenye elimu ya fuwele. Roy Nutt aliazimwa kutoka kampuni ya ndege ya United Aircraft. Lois Haibt, aliyekuwa ametoka tu Chuo cha Vassar, alishika sehemu ngumu ya kuchambua njia ambazo programu hupitia inapotekelezwa, ili kompaila ijue ni wapi mashine itashinda muda mwingi. Mashine ilikuwa rahisi kupatikana usiku, basi wakapanga vyumba katika hoteli ya Langdon iliyokuwa jirani, wakawa wanalala kidogo mchana na kukesha kazini. Kila walipoulizwa watamaliza lini, walijibu miezi sita. Waliendelea kujibu hivyo kwa karibu miaka mitatu.

Aprili 1957, maabara ya Bettis ya kampuni ya Westinghouse, karibu na Pittsburgh, ilipokea sanduku la kadi za matundu lisilo na maelezo yoyote. Pale walikuwa wanasanifu vinu vya nyuklia. Wakabahatisha kwamba lazima hii itakuwa ile kompaila ya IBM inayosubiriwa, wakazitia kadi kwenye mashine pamoja na programu waliyokuwa wameiandika wenyewe. Mashine ikachapa malalamiko ya kosa moja tu: mahali fulani mkato umesahaulika. Wakauweka, wakarudia, na matokeo yakaanza kutoka kwenye karatasi. Napenda kukiwaza chumba kile. Watu waliozoea kosa dogo liwapotezee siku kadhaa waliambiwa na mashine yenyewe, kwa maneno ya kusomeka, wapi pa kurekebisha.

Mwaka mmoja baadaye, uchunguzi wa vituo 26 vyenye mashine za 704 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya vituo hivyo vilikuwa vinatumia FORTRAN kwa zaidi ya nusu ya kazi zao. IBM haikuitoza bei ya pekee. Aliyekodi mashine alipata na lugha, na wakati huo IBM ndiyo iliyokuwa ikikodisha mashine nyingi kuliko wote.

Sasa tazama kilichoikuta ALGOL. Mwaka 1958 wanazuoni wa Ulaya na Marekani walikutana Zurich kutunga lugha moja isiyomilikiwa na kampuni yoyote, wakakutana tena Paris Januari 1960 na kuikamilisha. Backus alikuwa mmoja wao. Ripoti ya ALGOL 60, iliyohaririwa na Mdenmark Peter Naur, ni maandishi mafupi yenye usahihi ambao haukuwahi kuonekana katika fani hii, na namna yake ya kueleza sarufi inafundishwa hadi leo. Kwa miaka mingi majarida ya taaluma yalichapisha kanuni za hesabu kwa lugha hiyo.

Lakini watunzi wake walikosa kukubaliana jinsi programu itakavyosoma takwimu na kuchapa majibu, wakaliacha jambo hilo nje ya ripoti kabisa. Kila kituo kikabuni njia yake, na programu iliyoandikwa mji mmoja ikagoma kwenda mji mwingine, ilhali kusafiri ndiko kulikokuwa kusudi la lugha nzima. Upande wa pili, wateja wa IBM walikuwa na umoja wao uitwao SHARE, wa kubadilishana programu. Mwanzoni walielekea kuipokea ALGOL. Kisha wakatazama rundo la kazi walilokwisha kuandika kwa FORTRAN, wakabaki walipo. ALGOL ilizaa karibu lugha zote zilizofuata, Pascal na C zikiwemo, lakini yenyewe haikupata mtu wa kuisafirisha.

Upande wa biashara, chombo kilikuwa serikali. Tarehe 28 na 29 Mei 1959 watu wapatao arobaini walikaa Pentagon kwa mwaliko wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Wizara ilikuwa na kompyuta 225 zinazofanya kazi na nyingine 175 zilizoagizwa, kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, na programu ya mashine moja haikufaa kwenye nyingine. Kila walipobadilisha mashine walianza upya. Kamati ikapewa miezi michache itunge lugha ya muda, ya kuziba pengo, wakati kamati nyingine ikitafuta suluhisho la kudumu. Suluhisho la kudumu halikuja kamwe. Ile ya muda ndiyo COBOL.

Msingi wake ulikuwa kazi ya Grace Hopper, mtaalamu wa hisabati na afisa wa akiba wa Jeshi la Wanamaji, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amewasihi wakubwa wake waamini kwamba karani anaweza kuiamuru kompyuta kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Wengi hawakuitakia kamati mema. Katika siku zake za mwanzo, mmoja wa wajumbe, Howard Bromberg wa kampuni ya RCA, alikata tamaa na mivutano isiyokwisha akaenda dukani kununua jiwe la kaburi. Lilichongwa neno COBOL, na juu yake mwanakondoo amelala. Akalituma Pentagon kwa Charles Phillips, aliyekuwa akisimamia mradi mzima.

Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine ya RCA na kwenye mashine ya UNIVAC, na ikakubali kwa zote mbili baada ya mabadiliko machache tu. Kisha Wizara ikatamka kwamba haitanunua wala kukodi kompyuta isiyokuwa na COBOL, isipokuwa mtengenezaji athibitishe kuwa anaweza kufanya vizuri zaidi bila hiyo. Hakuna mtengenezaji aliyeweza kumpuuza mteja wa ukubwa ule. Wanazuoni waliichukia, Edsger Dijkstra aliandika mwaka 1975 kwamba kuitumia kunalemaza akili. Mabenki hayakumsikiliza. Aprili 2020, maombi ya mafao ya wasio na kazi yalipofurika kwa sababu ya korona, gavana wa New Jersey alisimama hadharani kuomba wanaoijua COBOL wajitolee, kwa kuwa mifumo ya jimbo lake ilikuwa bado inaendeshwa kwayo.

Mtu anaweza kusema basi amri ya serikali inatosha. Haitoshi. Wizara ileile ilijaribu tena miaka ya 1970 na 1980 kwa lugha ya Ada, iliyosanifiwa kwa uangalifu mkubwa na kikosi cha Mfaransa Jean Ichbiah na kupitishwa kuwa ya kiwango rasmi mwaka 1983. Ada ilikuwa bora kuliko COBOL kwa kila kipimo cha kitaaluma. Lakini kompaila zake za mwanzo zilikuwa nzito na ghali, na Wizara haikuwa tena mnunuzi anayelishika soko zima, kwani kompyuta ndogo zilikuwa zimeingia madukani na majumbani. Sharti la kuitumia liliondolewa mwaka 1997. Ada bado inaheshimika kwenye ndege na treni, mahali ambapo kosa moja huua watu, na hapo imekaa.

Lugha ninayoiona kuwa na hadithi nzito kuliko zote ni C, na chombo chake kilizaliwa kwa kushindwa. Mwaka 1969 maabara za Bell zilijitoa katika Multics, mradi mkubwa wa mfumo endeshi uliokuwa unakula fedha bila kukamilika. Ken Thompson, mmoja wa waliobaki bila mradi kule Murray Hill, New Jersey, aliikuta kompyuta ndogo ya PDP-7 isiyo na kazi nyingi. Mkewe aliposafiri na mtoto wao mchanga kwenda California kuwaona wazazi, Thompson alitumia majuma machache yale kuandika sehemu za msingi za mfumo mpya. Ukaitwa Unix.

Lugha yao ya kwanza ilikuwa B, ambayo Thompson aliipunguza kutoka BCPL ya Martin Richards wa Cambridge. B iliitazama kumbukumbu ya mashine kama safu ya maneno yenye ukubwa mmoja. Walipopata mashine mpya, PDP-11, inayohesabu kumbukumbu kwa baiti moja moja, mtazamo huo ukawa mzigo, hasa kwa kushughulikia herufi. Dennis Ritchie akaanza kuongeza aina za takwimu, kidogo kidogo, hadi lugha ikabadilika na kustahili jina lingine. Mwaka 1972 Thompson alijaribu kuuandika upya moyo wa Unix kwa lugha hiyo, akashindwa, akaacha. Ritchie akaongeza njia ya kufungasha takwimu za aina tofauti pamoja. Kiangazi cha 1973 wakajaribu tena na mara hii wakafaulu. Yaani C ilirefushwa mkono kila ilipopungukiwa mbele ya kazi halisi, na aliyepungukiwa alikaa jengo moja na aliyerefusha.

Kisha sheria ikafanya ambalo hakuna mfanyabiashara angelifanya. Mwaka 1956 kampuni mama ya Bell, AT&T, ilikuwa imekubaliana na serikali ya Marekani, ili kumaliza kesi ya ukiritimba, kwamba haitafanya biashara nje ya simu na mawasiliano. Kwa hiyo haikuweza kuiuza Unix kama bidhaa. Vyuo vikuu vilipoanza kuiomba, hasa baada ya makala ya Ritchie na Thompson ya Julai 1974, vilipewa kwa ada ndogo: utepe wa sumaku wenye msimbo wote ndani, bila dhamana, bila huduma, bila mtu wa kupigiwa simu. Ukiona kosa, rekebisha mwenyewe.

Hapo ndipo napaona penye kiini cha mambo. Mtu aliyetaka kurekebisha Unix alilazimika kuisoma, na kuisoma kulimlazimu kujifunza C. Hakuwepo mtu aliyeitangaza lugha ile. Wanafunzi wa Berkeley, wa Sydney na wa London waliijua kwa sababu mashine ya chuo chao ilikuwa imekwama na wao ndio waliokuwa zamu. Wakaanza kuandikiana, kutumiana marekebisho na kukutana.

John Lions, mwalimu katika Chuo Kikuu cha New South Wales, aliuchapa msimbo wa toleo la sita la Unix pamoja na maelezo yake ya mstari kwa mstari kwa ajili ya darasa lake. Masharti ya toleo lililofuata yakakataza msimbo usifundishwe darasani. Maandishi ya Lions yakaanza kupita chini kwa chini, kopi ya kopi ya kopi, herufi zikififia kila mara, kwa karibu miaka ishirini, hadi yalipochapishwa kihalali mwaka 1996. Kizazi kizima cha wahandisi kilijifunzia hapo. Sijui kitabu kingine cha fani hii kilichotamaniwa namna ile.

Mwaka 1978 Brian Kernighan na Ritchie walitoa kitabu chao chembamba cha C, na karibu na wakati huohuo Unix ilihamishiwa kwenye mashine za kampuni nyingine, Murray Hill kwenyewe na pia Wollongong, Australia. Kwa kuwa mfumo uliandikwa kwa C, kilichohitajika kwanza kwenye kila mashine mpya kilikuwa kompaila ya C. Palipofika Unix, C ilikuwa imekwishatangulia. Bill Joy wa Berkeley aliusambaza mfumo kwa tepu zake. Mwaka 1983 toleo la Berkeley likaja na itifaki za intaneti ndani yake, mwaka 1987 Richard Stallman akatoa kompaila ya C ya bure, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akaitumia kuandikia Linux. Simu ya Android inayopokea na kutuma fedha sokoni Kariakoo au Gikomba ina Linux ndani yake, na kiini cha Linux ni C.

Pascal ilizaliwa karibu wakati mmoja na C, mikononi mwa Niklaus Wirth, huko Zurich. Ilikuwa safi na ya kufundishia, na vyuo viliipenda. Kasoro yake iliwaumiza waliotoka darasani: katika Pascal ya asili urefu wa orodha ulikuwa sehemu ya aina yake, kiasi kwamba usingeweza kuandika utaratibu mmoja wa kupanga majina kumi na majina mia. Kernighan aliandika makala nzima mwaka 1981 kulalamikia mambo kama hayo. Iliinuka tena mwaka 1983 kwa Turbo Pascal ya Borland, iliyoandikwa na kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg, ikauzwa dola 49.95 wakati washindani walitoza mamia, na kwa miaka kadhaa kompyuta binafsi nyingi zilikuwa nayo. Lakini chombo hicho kilikuwa cha kampuni moja, na kampuni ilipoyumba Pascal ikayumba nayo.

BASIC nayo ilipanda mashine ndogo za nyumbani, ikiwa imechomwa ndani ya chipu zao. Ukiwasha kompyuta, ndiyo ya kwanza kukusalimu. Mashine hizo zilipotoweka madukani, ikarudi nyuma.

JavaScript inapaswa kumaliza ubishi wa urembo. Aprili 1995 Brendan Eich aliajiriwa na Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari kilichotumiwa kuliko vyote wakati huo. Alikuwa ameahidiwa kuweka ndani yake Scheme, lugha yenye adabu ya wanazuoni. Wakubwa wakageuza kauli: lugha hiyo ifanane na Java, ambayo kampuni ya Sun ilikuwa inaitangaza kwa kishindo. Na iwe tayari haraka, kabla Microsoft haijafika. Eich aliunda umbo lake la kwanza kwa siku kumi. Desemba ya mwaka huo ikapewa jina la JavaScript, kwa makubaliano ya kibiashara na Sun.

Makosa ya siku zile kumi yapo mpaka leo. Ukiiuliza JavaScript thamani tupu ni aina gani, itakujibu kuwa ni kitu kamili. Kila mtaalamu anajua si kweli, na kosa halisahihishwi, kwa sababu tovuti nyingi zimejengwa juu yake na zingeanguka. Hata hivyo ndiyo lugha pekee iliyokubaliwa na vivinjari vyote. Ilikuwa tayari kwenye kila kompyuta yenye intaneti bila mtu kuiomba wala kuinunua. Kijana aliyelipia muda kwenye intaneti kafe ya Mwanza au Nairobi hakuhitaji kompaila wala ruhusa ya mwenye duka kuingiza programu mpya. Alibofya sehemu ya kuangalia msimbo wa ukurasa, akaona jinsi wengine walivyofanya, akaiga. Google walipotoa ramani zao mwaka 2005, ramani ikifuata kipanya bila ukurasa kupakiwa upya, ilidhihirika kuwa lugha ile ya haraka inaweza kubeba kazi nzito. Mwaka 2008 wakaipa injini ya kasi, V8, na mwaka uliofuata Ryan Dahl akaitoa nje ya kivinjari na kuipeleka kwenye seva.

Hejlsberg wa Turbo Pascal anarudi hapa, akiwa sasa Microsoft. Mwaka 2012 alitoa TypeScript, lugha yenye ulinzi wa aina ambao JavaScript haina. Hakujaribu kuiondoa JavaScript; TypeScript hugeuzwa kuwa JavaScript kabla ya kwenda kwenye kivinjari. Bjarne Stroustrup alipita njia hiyohiyo miaka ya 1980 na C++, iliyogeuzwa kwanza kuwa C ili iendeshwe popote C ilipo.

Python ilisafiri polepole kuliko zote. Guido van Rossum aliianza katika likizo ya Krismasi ya 1989, kwenye kituo cha utafiti cha CWI mjini Amsterdam. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye ABC, lugha iliyosanifiwa kwa watu wasio wataalamu, nzuri sana kusoma, ambayo haikuenea. ABC ilikuwa imejifungia: haikuruhusu mtumiaji kugusa mafaili ya kawaida wala kuiongezea uwezo kutoka nje. Guido alichukua usomekaji wake na kuvunja ukuta, akahakikisha kwamba sehemu yoyote inayohitaji kasi inaweza kuandikwa kwa C na kuunganishwa. Aliitoa Februari 1991, na kwa miaka mingi wengi waliiona kama zana ya pembeni, nyuma ya Perl na kisha nyuma ya Ruby.

Uwazi ule ndio uliolipa. Mwaka 1995 wanasayansi walianza kuiunganisha na hesabu za safu kubwa za namba. Mwaka 2006 Travis Oliphant akazikusanya juhudi hizo kuwa NumPy. Mtafiti aliweza kuandika mistari michache inayosomeka huku nyuma yake maktaba za zamani, zilizoaminika kwa miongo, zikifanya kazi ngumu. Mitandao ya neva, mbinu ya akili mnemba, ilipoanza kushinda mashindano ya kutambua picha mwaka 2012, wengi waliokuwa wanaifanyia utafiti walikuwa wamekwishazoea Python. Maktaba za kuijengea mitandao hiyo, TensorFlow ya 2015 na PyTorch baada yake, zilikuja kwa lugha ambayo watu hao walikuwa nayo mkononi. Guido hakuitunga kwa ajili ya akili mnemba. Alikuwa tu ameacha mlango wazi kwa robo karne.

Ninapoandika haya, lugha inayotazamwa ni Rust. Graydon Hoare aliianza mwaka 2006 akiwa kampuni ya Mozilla, nayo ikafikia toleo la kwanza rasmi Mei 2015. Sifa yake kubwa ni kuzuia makosa ya kumbukumbu ambayo C huyaruhusu na ambayo wahalifu wa mtandaoni huyatafuta kila siku. Walioipenda walisema tangu mwanzo kwamba itachukua nafasi ya C. Ilichokifanya kwanza ni kuomba nafasi ndani ya C. Desemba 2022, toleo 6.1 la Linux lilikuwa la kwanza kuikubali kwenye kiini chake, kwa kiwango kidogo, miongoni mwa mamilioni ya mistari ya C. Tangu hapo mabishano hayajapoa kati ya wakongwe wanaoitunza C hiyo na vijana wanaoleta Rust, kuhusu nani atarekebisha nini pale sehemu moja inapobadilika na kuivunja nyingine. Wapo waliojiuzulu kwa sababu ya mabishano hayo. Viendeshi vya kwanza vilivyoandikwa kwa Rust vimeingia, kimoja kimoja, kila kimoja baada ya kukaguliwa na mtu ambaye maisha yake yote ya kazi ameandika C.